Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima

Ninyi mlio jikoni, mazungumzo ya leo ni ya jikoni. Msiache moto wenu ili mje kutusikiliza. Endeleeni kukoroga, nasi tutasema.

Tunataka kuzungumza juu ya chakula cha nyumba ambayo mmoja wa watu wake ana ugonjwa wa sukari. Nyumba za namna hiyo si chache tena hapa kwetu. Pengine ni baba, pengine ni mama mkwe, pengine ni kijana wa shule anayejidunga sindano kila asubuhi.

Mambo huwa hivi katika nyumba nyingi. Mzee amerudi kutoka hospitalini na karatasi mkononi. Ameambiwa apunguze hiki na kile. Mama wa nyumba, kwa upendo, anatafuta sufuria ndogo. Tangu siku hiyo kuna vyakula viwili jikoni. Watoto wanakula mukimo na mchuzi wa nyama, na mzee analetewa sahani yake: mboga zilizochemshwa tu, kipande cha nduma, na maji. Anakula peke yake kando, maana hata harufu ya sahani za wengine yamsumbua. Juma la kwanza anavumilia. Juma la pili ananyamaza. Juma la tatu anaanza kupitia hoteli ya sokoni kabla ya kufika nyumbani, anakula chapati tatu na chai tamu, na nyumbani hasemi neno. Kisha akienda kupimwa, kipimo kimepanda, na watu wote wanashangaa: je, si tunampikia vyema?

Mnampikia, ndiyo. Lakini mmemtoa mezani.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa nne, tunasoma habari za Elisha kule Gilgali wakati wa njaa. Wana wa manabii walipikiwa sufuria moja kubwa, na mmoja akatia ndani yake matango-mwitu asiyoyajua. Walipoonja wakalia kwamba mna mauti ndani. Sasa tazameni alichofanya Elisha. Hakuimwaga sufuria. Wala hakuwaambia wale wenye tumbo dhaifu wakae kando wapikiwe kingine. Aliagiza unga, akautia sufuriani, sufuria ile ile ikaponywa, na watu wote wakala pamoja. Sisi hapa Meru na Embu tatizo letu limegeuka: unga ndio uliozidi katika sufuria zetu, na dawa ni kuupunguza. Lakini njia ni ile ile. Iponye sufuria, usimtenge mtu.

Huenda mtu akauliza, kwa nini nyumba nzima ile chakula cha mgonjwa mmoja? Watoto wamekosa nini? Ndugu msikilizaji, sababu iko, nayo ni nzito. Ugonjwa wa sukari wa watu wazima, ule uitwao aina ya pili, hufuata ukoo. Mtoto ambaye baba yake au mama yake anao, yuko katika hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani. Kwa hiyo wale watoto wanaokula mukimo mlima mzima huku mzee ametengwa na sahani yake ndogo, ndio hasa wanaohitaji sahani kama yake, ila tu hawajapewa karatasi ya hospitali bado. Tena wako watu wazima wengi walio nao na hawajui. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliokutwa na ugonjwa huu hawakuwa wamejua kwamba wanao. Basi chakula hiki si cha mgonjwa. Ni chakula kizuri, ambacho mgonjwa naye anaweza kukila.

Zamani matibabu yenyewe yalikuwa njaa. Kabla ya insulini kupatikana, matabibu wakubwa wa Marekani na Ulaya waliwanyima chakula watoto wenye sukari hata wakabaki ngozi na mifupa, maana hawakuwa na njia nyingine ya kuwaongezea siku. Mnamo Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Ndio mwaka ule ule ambao Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria kuanza kazi ya tiba. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na bado wako watu vijijini wanaodhani kwamba kumtunza mwenye sukari ni kumnyima. La, sivyo. Anatakiwa ale, tena ashibe, tena ale kwa wakati.

Sasa tuseme wazi chakula hufanya nini. Watu wengi hufikiri adui ni ile sukari nyeupe ya kikombe peke yake. Lakini ugali, wali, chapati, viazi, nduma, ndizi na mahindi, vyote vikifika tumboni huvunjwa kuwa sukari na kuingia katika damu. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini ya kutosha na sukari ile hupelekwa mahali pake. Kwa mwenye ugonjwa huu, insulini haipo, au haitoshi, au mwili umeacha kuisikia. Basi maswali ya kuuliza juu ya chakula ni mawili: ni kiasi gani, na kitaingia katika damu kwa haraka gani?

Ndiyo maana twasikitika tunaposikia baadhi ya mashauri yanayozunguka sokoni. Mtu huambiwa uji wa wimbi hauna neno, anywe apendavyo. Wimbi ni nafaka njema, lakini ikisagwa laini na kupikwa uji huingia katika damu upesi. Kikombe kimoja si sawa na vikombe vitatu. Mwingine ameambiwa aache sukari atumie asali. Asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki! Mwingine ameambiwa ugali wa unga usiokobolewa ale kadiri atakavyo. Ni bora kuliko ule mweupe, kweli, lakini mlima wa ugali ni mlima tu, uwe mweupe uwe wa rangi ya udongo. Hata nduma na viazi vitamu, ambavyo wengi huvihesabu kama dawa, ni wanga. Vina kiasi chake.

Na mukimo je? Hapa tunajua tunagusa mboni ya jicho. Hatusemi muuache. Lakini kiazi kilichopondwa kikawa laini kinaingia katika damu haraka kuliko nafaka nzima inayotafunwa, na mukimo wa siku hizi ni viazi vingi vilivyopakwa rangi ya majani. Waliokula mukimo wa njahi, au wa mbaazi ambazo wengi wetu twaziita njugu (si njugu karanga), wanajua kwamba ulikuwa chakula kingine.

Basi twende kwenye sufuria. Hatutawaletea chakula cha kitabu cha kigeni, chenye jibini na oveni ya umeme. Tunachukua githeri, ambayo kila nyumba inaijua, na tunaibadilisha mambo matatu.

La kwanza ndilo kubwa. Kwa kawaida twatia mahindi mengi na maharagwe machache, kwa kuwa mahindi ni rahisi kupatikana. Geuzeni. Kwa watu sita, pimeni vikombe viwili vya maharagwe makavu, au njahi, au mbaazi, na kikombe kimoja tu cha mahindi. Jamii yote ya kunde ina nyuzinyuzi na protini, na sukari yake hutoka polepole, kama maji ya mfereji uliofunguliwa kidogo. Mtu hushiba, na saa tatu baadaye bado hajaona njaa. Walio karibu na Mbeere na Tharaka wanazo ndengu nyingi kila mavuno, nazo zafaa sana; tena ndengu haziombi kuni nyingi.

Lowesheni maharagwe na mahindi usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwageni maji yale na mtie mapya. Wako wanaotia magadi ili viive haraka, lakini magadi ni chumvi ya namna yake, na wenye sukari wengi wana shindikizo la damu pia. Kulowesha kwatosha. Chemsheni kwa moto mkali mpaka vitokote sawasawa, dakika kumi zisipungue, kisha punguzeni moto na muache viive taratibu. Mwenye kikapu cha kuhifadhi joto, kile kinachoshonwa kwa matambara na kujazwa sufi au mabaki ya nguo, aweza kuihamishia sufuria humo baada ya kuchemka kwa muda mzuri, akaenda shambani. Lakini maharagwe mekundu yasiingie kikapuni kabla ya kutokota kwa nguvu dakika zile kumi, maana yana sumu ambayo moto mdogo hauitoi, nayo hutapisha.

Jambo la pili ni mboga, na hapa tunaomba msituhurumie. Mboga zisiwe pambo. Tunataka sahani ya kila mtu iwe nusu yake mboga. Kwa sufuria hii chukueni fungu kubwa la terere au managu, au majani ya kunde, au majani ya malenge, au sukuma wiki kama ndiyo iliyopo. Karoti tatu, nyanya nne, vitunguu viwili, punje chache za vitunguu saumu, tangawizi kidogo na dania. Vyote hivi vyapatikana Gakoromone, vyapatikana soko la Embu, na nyingi zaota nyuma ya nyumba bila kupandwa. Ajabu ni kwamba tunang'oa terere shambani tukiiita magugu, kisha tunakwenda kununua kabichi.

La tatu ni mafuta na chumvi. Mafuta ya maji vijiko viwili vya mezani vyatosha sufuria nzima. Yale mafuta magumu ya mkebe tusiyachote kama uji. Chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai, na vile viungo vya mchemraba viacheni kabisa, maana ni chumvi tupu iliyofungwa kwa karatasi nzuri.

Kaangeni vitunguu katika mafuta yale hata viwe laini, tieni saumu, tangawizi na nyanya, muache mpaka nyanya zivunjike. Tieni karoti. Sasa mwageni githeri iliyoiva pamoja na maji yake kidogo, mkoroge, na juu yake mpange mboga za majani zilizokatwa, zifunike pote kama blanketi. Funikeni sufuria. Ikiwa mnatumia jiko la makaa, fanyeni vile akina mama wafanyavyo wanapooka keki: ondoeni makaa mengi chini, yawekeni machache juu ya kifuniko cha bati. Dakika ishirini. Mboga zitalainika kwa mvuke bila kupoteza rangi, na harufu itawaita watoto kutoka malishoni. Mwenye nyama kidogo au kuku aitie pamoja na nyanya, ikiwa imechemshwa mbele na mafuta yake yameenguliwa. Asiye na nyama asione haya. Maharagwe yamekwisha kufanya kazi hiyo.

Wakati wa kupakua, anayepakua aanze na mboga, ajaze nusu ya sahani, ndipo aongeze githeri katika nusu nyingine. Kipande cha parachichi kando kinafaa. Ugali usiwekwe mezani siku hiyo, wala wali, wala chapati, kwa kuwa wanga umo tayari ndani ya sufuria. Hili ni gumu kwa wanaume wetu wengi ambao huona hawajala kama hawajaona ugali. Mama asibishane nao. Apakue tu, na sahani ya mzee iwe ya namna moja na sahani ya kifungua mimba na ya kitinda mimba. Mtoto mdogo anayekua, au kijana atokaye kulima, aongezewe akitaka. Kinachobadilika ni kiasi, si chakula. Tena ombi la chakula liombwe mara moja, kwa wote.

Mtu mwenye ugonjwa wa figo pamoja na sukari amwulize daktari wake kwanza habari za maharagwe na parachichi, maana wa figo hupewa mashauri mengine.

Yako maneno ya saa, nayo yanaweza kuokoa maisha. Githeri huchukua saa mbili au tatu motoni, na mara nyingi kuni zikiwa mbichi huchukua zaidi. Mtu akiisha kudungwa insulini, au kumeza baadhi ya vidonge vinavyosukuma kongosho, chakula kikachelewa, sukari yake yaweza kuanguka chini mno. Mtamwona anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka, pengine mkidhani amekunywa pombe. Hapo msingoje githeri. Mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ikiwa anaweza kumeza, ndipo ale. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, bali mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo githeri ichemshwe jana yake au mapema, na sindano isitangulie sufuria.

Kwa sababu hiyo hiyo twasema na wachungaji na wazee wa kanisa. Mnapotangaza juma la kufunga na kuomba, semeni pale pale madhabahuni kwamba wenye kutumia insulini na dawa za sukari wasifunge kabla ya kuzungumza na daktari. Danieli na wenzake walikula mboga na maji siku kumi wakanawiri, na habari hiyo yatufurahisha sisi tunaosifu mboga, lakini walikula. Wala hakuna mahali tunapoambiwa kwamba mtu aliye mgonjwa aonyeshe imani yake kwa kutupa dawa. Wapo waliotupa, na tumewazika.

Asiyejua hali yake, apimwe. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wamepewa mikoba yenye kifaa cha kupimia sukari. Tone moja la damu ya kidole latosha. Kabla ya kula kitu asubuhi, kipimo kikifika 7.0 au kupita, ni lazima kwenda kituo cha afya kuthibitisha. Mkojo wa mara kwa mara, kiu isiyokwisha, kidonda cha mguu kisichopona, kukonda bila sababu: msiseme ni uzee.

Na watafunao miraa kule Nyambene, au muguka kule Mbeere, tuna neno moja tu kwao leo. Jani lile huua hamu ya kula, na huku mtu anateremshia soda. Chupa moja ya mililita 300 huweza kuwa na vijiko saba au vinane vya chai vya sukari. Halafu anafika nyumbani, sufuria imemngoja, na hataki kula.

Limebaki jambo la chai. Sisi ni watu wa majani chai, twaishi katikati yake kuanzia Imenti hadi juu ya Manyatta, na hatuwezi kusema habari za chakula tukainyamazia. Baada ya ibada, na katika harambee, na katika matanga, chai yetu hupikwa katika sufuria kubwa na sukari hutiwa humo humo jikoni, kilo kwa kilo. Mama mwenye ugonjwa huu anapewa kikombe na shemeji yake mbele ya watu. Akikataa, ataonekana ana kiburi. Akieleza, watu wote watajua habari zake. Basi anakunywa. Umoja wa akina mama waweza kuliondoa jambo hili Jumapili ijayo bila gharama yoyote: chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani na kijiko chake, na kila mtu atie apendavyo. Hakuna atakayeulizwa kwa nini hakutia.